Mfuko wa Dawa Niliompa Msichana

Hapa Busia malori yanayongoja kuvuka mpaka hupiga honi mchana kutwa, na nimeyazoea. Lakini Jumamosi hiyo sauti ya mjukuu wangu ilizipita honi zote: "Jamani nakufa, nipeni dawa." Niliacha omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye moto nikakimbilia sebuleni na mwiko mkononi. Namkuta binti amekaa kwenye kochi, mzima kabisa, ameshika penseli.

Ulikuwa mchezo wao. Mjukuu wangu mkubwa, anayesoma chuo, ndiye huwasimulia hadithi ya mapango na mazimwi. Wengine watatu, vijana wawili na huyu binti, kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi, na hurusha dadu yenye nyuso nyingi kuona kama pigo limeingia au limekosa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nilielewa.

Vijana walikuwa na panga. Binti ndiye tabibu. Tangu asubuhi alikuwa akiwafunga vidonda, na sasa zimwi limemwangusha yeye. Msimulizi akasema zimebaki zamu mbili afe, na akifa ametoka mchezoni, mchezo aliouhesabia siku tangu shule ifunguliwe. Vijana wakaendelea kulikata zimwi.

Nikauliza dawa iko wapi.

"Kwa mfuko wake," akajibu mkubwa wa wale vijana wawili bila kuinua macho.

"Na mikono yenu iko wapi?"

Akanieleza kwamba kutibu si kazi yao. Kwenye kikosi lazima kila mtu ashike kazi yake, la sivyo hakiendi. Mtu amewauguza siku nzima, sasa wanamruka kama gogo. Nikawaambia wana roho za mawe, na mengine ambayo siwezi kuyaandika.

"Kukhu, usiwagombeze," binti akasema. Kukhu ndilo jina wanaloniita, nyanya yao. "Ni wewe ulinipa huo mfuko."

Nikakumbuka. Siku ya kwanza wote watatu walitaka upanga, wakabishana karibu wapigane. Mimi nilikuwa napita na karai la nguo, nikasema: wewe ni msichana, chukua dawa, hawa nani atawauguza? Nikaenda zangu kuanika. Mimi niliyemuuguza mume wangu mwaka mzima, halafu malaria iliponishika nikalala peke yangu, bila hata mtu wa kunikorogea uji. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Sina tabia ya kusema nimekosea. Hapo nilisema, mbele yao wote.

Kijana mdogo akaweka dadu chini, akasema anaacha kupiga, anafungua mfuko. Msimulizi hana huruma, akamtaka aeleze anafanya nini hasa. Kijana akanigeukia.

"Kukhu, kidonda kinafungwaje?"

Ana miaka kumi na saba. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Aliyepaswa kumwonyesha ni mimi.

Nikapasua leso kuukuu, nikamshikisha mkono wa dada yake. Alikaza kama anafunga kuni. Nikamwambia afungue, aanze tena. Omena ziliungua zikawa mkaa, na sikuinuka.