Kaka Yangu Amekata Sauti ya Akiru Kwenye Kanda Yangu

Mhariri, naomba jina langu ulifiche, na hata haya majina mengine si ya wenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja, naishi Isiolo kwa baba yangu tangu mume aniache. Nilipoachwa sikulia sana. Safari hii nimelia, tena kwa hasira.

Kaka yangu, nitamwita Yusuf, alirudi kutoka kazi ya udereva Uarabuni na kinanda cha umeme, kile chenye ngoma ndani yake. Kilimshinda, akakitupa juu ya kabati. Mimi nikakishusha. Nilijifunza peke yangu, mchana, mama akiwa sokoni, mpaka nikajua kitufe gani kinakimbiza ngoma na kipi kinaiburuta. Halafu nikaanza kwenda harusini na redio kaseti, upande wetu wa wanawake. Nilirekodi shangazi zetu wakiimba Kisomali, nikarekodi akina mama wa Kiborana waliokuja kutoka Korbesa, nikamrekodi na rafiki yangu Akiru, Mturkana ambaye tunachota naye maji kwenye bomba moja hapa Bulla Pesa. Nikatafuta redio ya kaseti mbili nikawaunganisha wote. Wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine, kinanda changu kikipita chini yao, hakuna kunyamaza mpaka upande wa kanda uishe.

Akiru yuko katikati. Anaimba wimbo ambao mama yake alikuwa akimwimbia wakihama na mbuzi wakati wa ukame. Hapo nilizima ngoma zote nikamwacha peke yake, kisha kinanda kikaanza kumfuata polepole, na wale akina mama wa Kiborana wakampokea. Niliirudia sehemu hiyo mpaka vidole vikauma. Na si wimbo tu. Mtoto wangu aliposhikwa na surua, wakati ndugu zangu wanabishana nani alaumiwe kwa ndoa yangu kuvunjika, Akiru ndiye alimfunga mgongoni akakimbia naye hospitali.

Yusuf ana duka la redio na kaseti mtaa wa Wabera. Aliposikia kanda yangu alifurahi, akaniomba atoe nakala za kuuza. Nikampa. Ni kaka yangu, ningemnyima vipi?

Siku moja mimi na Akiru tunapita mbele ya hoteli ya chai, tukasikia kanda inapigwa. Akiru akanishika mkono. "Wewe! Si ni sisi hao?" Tukasimama pale nje tukicheka kama wasichana, tunangoja sehemu yake. Ngoma zikazima. Badala ya Akiru, ikatoka sauti ya kaka yangu: "Mnasikiliza mchanganyiko wa Yusuf, fundi wa kinanda, Isiolo!" Halafu moja kwa moja akina mama wa Kiborana.

Akiru aliendelea kusikiliza, akidhani labda atakuja mbele. Hakuja. Akaniuliza, "Sasa mimi niko wapi?"

Nilienda dukani hapo hapo.

"Wateja wangu hawataki kelele za Waturkana," Yusuf alisema bila hata kuinua macho kutoka kwa redio aliyokuwa akifungua. "Nimekusaidia."

"Na jina lako linafanya nini humo? Wewe hicho kinanda hujui hata kukiwasha!"

"Nani atanunua kanda ya mwanamke aliyeachwa? Fikiria aibu ya baba."

Nilirudi nyumbani, nikachukua kanda yangu ya kwanza, ile nzima, nikatoa nakala zangu mwenyewe. Akiru akiwa kwa sehemu yake. Mwanzoni nikasema kwa sauti yangu jina langu, na majina ya wanawake wote walioimba. Nikawagawia bure madereva wa malori wanaopanda Marsabit na Moyale. Leo ukienda stendi ya malori utasikia jina langu, na nyuma yangu utamsikia Akiru.

Baba alilisikia. Babu yetu alikuja hapa akiwa askari, na baba yangu mpaka leo anaongea kama anapanga watu mstari. Aliniita mbele ya Yusuf na mama. "Jina la binti yangu linatajwa mahotelini kati ya wanaume," alisema. "Mpe kaka yako hiyo kanda aimalize vile anataka. Kama hutaki, Idi isikukute ndani ya hii nyumba." Mama alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mwanangu, omba tu msamaha yaishe."

Nimsamehe nani? Samahani, nimekosea, hata kuandika naandika kwa hasira. Niombe msamaha kwa nani? Kwa Yusuf aliyeniibia? Nimemwambia baba kwa heshima kwamba kanda sitoi na Akiru simkati. Akiru mwenyewe aliponiambia, "Nikate tu, mimi nimezoea," ndipo nilijua siwezi kabisa.

Ana chumba kimoja hapa Bulla Pesa, na amesema mimi na mtoto tutatosha. Kwa hivyo wasomaji, msinishauri juu ya kanda, hiyo nimeshaamua. Nampenda baba yangu, na kabla ya hii kanda sikuwahi kumkatalia kitu maishani. Je, niondoke mwenyewe sasa hivi nikimpa mkono wa kwaheri, au nikae hapa hapa mpaka Idi, nipike kama kawaida, anitoe kwa mkono wake mbele ya wageni, na aseme mbele yao kosa langu ni nini?

Nishaurini, tafadhali. Idi imekaribia.