Kitabu cha Fisi Nilichokwisha Kukirudisha

Nilikwenda maktaba pale Kahama nimefura. Bwana wa maktaba alikuwa ameniletea ujumbe kwamba kitabu cha fisi nilichowaazimia mapacha wangu, Kulwa na Doto, sijakirudisha. Mimi? Nilikuwa nimepekua nyumba nzima hadi uvunguni, na jalada lake jekundu sikuliona. Basi nilikwisha kukirudisha, yeye ndiye aliyekipoteza.

Jua lilikuwa kali, nikachukua daftari la kaka yao niwe najipepea njiani.

Nilipofika nikamsomea mashtaka yote mbele ya watu. Nikamwambia wanangu hawataitwa wezi kwa uzembe wake. Tena mimi natunza vitabu kuliko yeye: kiwe cha shule, kiwe cha kuazima, kikiingia kwangu nakivalisha karatasi ya mfuko wa saruji siku hiyohiyo. Yeye ananitazama mkono tu.

Nilipotua kuvuta pumzi, akasema taratibu, “Jipepee tu, Mama Kulwa, joto kali. Ukimaliza, utuachie kitabu chetu.”

Nikalitazama lile daftari mkononi. Ubavuni mwa kurasa, mhuri wa maktaba ulikuwa wazi, na yule bwana alikuwa ameuona tangu naingia mlangoni.