Neno Moja la Nilda Quinteros

Nilda Quinteros alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni sauti. Uso wake aliucheka mwenyewe kabla watu hawajamwahi. Lakini aliposhika kipaza sauti pale kituo kikuu cha mabasi cha Córdoba, abiria waliosinzia juu ya mabegi yao waliamka, na aliyepotea akajua pa kwenda. Miaka nenda miaka rudi alitangaza basi la Tucumán na basi la Mendoza, akizivuta silabi kama wanavyozivuta watu wa kwao wote, maana Mkordoba hana haraka na neno. Watu wa Buenos Aires huwacheka kwa kuvuta huko. Waache wacheke.

Sauti hiyo ndiyo iliyomtia ndani ya wimbo "Mbwa wa Reli", na ukiwaambia watu hawaamini.

Mwaka 1974 Aldo, ambaye siku hizo alikuwa mchumba tu, alipiga gitaa la besi katika bendi ya vijana wa mtaa wa Alta Córdoba. Waliazima mashine ya kurekodia, wakajifungia gereji, wakapiga wimbo wa mbwa aliyelala kwenye reli na treni ikabaki kumsubiri aamke. Nilda alikuwa pembeni akiwapokeza kibuyu cha chai chungu. Mwimbaji wao, Quique, mtu wa papara tangu tumboni, akaingia kwenye kiitikio kabla ya wakati. Nilda akamkemea palepale: "Baaado!" Quique akakatiza, magitaa yakaendelea, akaingia tena mahali pake. Mkanda ulikuwa umekwisha na mwenye mashine anagonga mlango. Wakauacha hivyo hivyo, na ile "Baaado!" ndani yake.

Basi ukafika redioni, na nchi nzima ikalipenda kosa kuliko wimbo wenyewe. Bendi ikavunjika, Quique akafariki, gereji ikawa duka la matairi, na wimbo haukutikisika. Uliimbwa harusini, uliimbwa viwanja vya mpira, uliimbwa na watoto ambao hata mama zao walikuwa hawajazaliwa siku ile. Kila mahali ni vilevile: watu wanaingia mapema makusudi, wananyamaza ghafla, kisha wote kwa pamoja wanapiga ukelele, "Baaado!" Ni ajabu, tena ya kuogofya kidogo, kwamba neno la msichana mwenye kibuyu mkononi linaweza kwenda mbali kiasi hicho. Nilda hakuliona kuwa jambo.

"Nilimgombeza mtu," alisema. "Kama ni kugombezwa tu, hata Aldo angekuwa maarufu."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Nilda kilikuwa kooni. Uzeeni sauti ilianza kukwaruza, akanywa majani ya mlimani kwa asali, ikazidi kukwaruza. Daktari akasema ni kansa, na kwamba kisanduku cha sauti kiondolewe chote. Akikubali, ataishi. Akikataa, mwaka hauishi.

"Na nitaongeaje?"

"Hutaongea, mama."

"Basi niacheni nife naongea."

Nyumbani Aldo alibembeleza mpaka akachoka. "Nilda we, mimi nataka mke. Sitaki redio."

"Mke wako ndiye huyu anayekupigia kelele. Ukimnyamazisha utabaki na nani? Na picha?"

Mwisho alikubali jambo moja tu, waende Buenos Aires kwa daktari bingwa, na Aldo akashika tumaini hilo kwa mikono miwili. Bingwa akamtazama koo, akasema maneno yaleyale. Nilda akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Nje, barabara kuu ilikuwa imejaa walimu walioandamana, wote wamevaa makoti yao meupe ya shule, mpaka mtu asione lami. Ngoma zilikuwa zinalia. Hakukuwa na pa kupita, wakasimama ukingoni. Ndipo ngoma zikageukia mdundo wa "Mbwa wa Reli", na Aldo, kabla hajafikiri, vidole vyake vikaanza kucheza kwenye paja.

Umati ukaingia mapema. Ukanyamaza. Kimya kile, katika jiji lile, kilimfanya Nilda ashike mkono wa mumewe. Kisha maelfu ya watu wa Buenos Aires, walewale wanaowacheka watu wa Córdoba, wakaivuta silabi kama Mkordoba aliyezaliwa karibu na reli: "Baaado!"

Nilda naye alijaribu kuitikia. Kilichotoka ni mkwaruzo mfupi, kama mtu anayevuta kiti.

Mwalimu mmoja msichana, jasho limemlowesha, akamgeukia huku anacheka. "Hapana, bibi, umekosea! Lazima uvute. Fungua koo hivi: baaa! Kisha ndiyo uidondoshe, do! Kama unamgombeza mtu."

Aldo akavimba. "We binti, unajua unamfundisha nani? Huyu ni..."

Nilda akamfinya ubavuni, kweli kweli.

"Hebu rudia, mwalimu," akasema kwa kile kilichobaki cha sauti yake. "Nikusikilize vizuri."

Yule msichana akarudia, na neno halikupungua hata kidogo. Kulikuwa na kuvuta kwake Nilda, kulikuwa na hasira yake ya usichana, hata ile sauti ya puani kidogo aliyoirithi kwa mama yake, ndani ya mdomo wa mtoto wa watu asiyemjua. Nilda alimtazama msichana, akautazama umati mweupe ulioishia mbali asikokuona, machozi yakamtoka asiyafute.

"Aldo," akasema. "Turudi ndani. Mwambie daktari akate."

"Na sauti je?"

"Si unawasikia? Watu wanayo."

Aldo akaangua kilio palepale barabarani, mzee mzima, mabega yakimruka. Mwalimu, akidhani wimbo umemzidi, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia hata baba yake yeye huwa hivyo hivyo akiusikia.