Goti Langu na Kitovu cha Mtoto Nisiyemjua

Nianze na mafuriko, mtanivumilia. Nilikuwa mdogo, maji yakaingia nyumbani kwetu kule Ahero mpaka sufuria zikaelea. Mama akatupandisha watoto wote juu ya meza pamoja na kuku. Tulikaa hapo tangu asubuhi. Kushuka huwezi, kulala huwezi, ukisogeza mguu mwenzako anakufokea, "Wewe, utatumwaga!" Yule kuku akataga yai katikati yetu, tukacheka mpaka Mama akatukemea. Maji yalipopungua, mpunga wote ulikuwa umeoza, tukaingizwa matopeni kupandikiza upya. Hapo nilijifunza kazi ya kuinama, na kazi hiyo ndiyo iliyokula goti langu. Kwa hiyo sijapotea, nilikuwa nakuja.

Shule niliacha darasa la tatu. Mkiona neno limepinda, linyoosheni wenyewe. Lakini nguvu nilikuwa nazo. Nilipanda mpunga, nikabeba magunia kinuni, na Jumapili nilienda kanisani kwa miguu nikiimba njia nzima.

Goti lilianza na mlio, kama mtu anayetafuna mchanga. Nikachua na mafuta, nikafunga mwarobaini. Likavimba, likachukua umbo la papai. Baadaye mguu ukapinda kwa nje. Nikawa mtu wa kiti. Kiti kiliwekwa kibarazani, jua likifika kinasogezwa nami nikiwa juu yake. Wapita njia wa barabara ya Awasi niliwajua kwa viatu.

Sasa niseme la aibu. Siku moja nilijikokota mpaka chooni, nikachuchumaa, kuinuka nikashindwa. Mke wangu alikuwa sokoni. Nyumbani alikuwepo mke wa mwanangu Ouma peke yake, na kwetu mkaza mwana hamkaribii baba mkwe hivyo. Akasimama mbali, kwenye migomba, amegeuza uso.

"Baba, uko salama?"

"Niko salama."

"Mbona hutoki?"

"Nafikiria mambo."

Nilifikiria mpaka miguu yote ikafa ganzi. Akakimbia kumwita jirani, wakanitoa kama ng'ombe aliyezama. Jirani akasema, "Mzee, wengine wakitafuta pa kutulia huenda ziwani." Nilicheka naye. Alipoondoka nililia.

Shida kubwa haikuwa choo. Ouma alikuwa na mke na watoto kwenye kibanda kimoja ndani ya boma langu. Kwetu mwana hajitoi tu akajenga kwingine. Baba yake humtangulia alfajiri, kwa miguu yake, mpaka kiwanja kipya, akapiga shoka la kwanza, ndipo mahali paitwe dala, yaani boma la mtoto. Kiwanja kilikuwepo, ng'ambo ya mifereji ya mpunga. Mimi nimefungwa kwenye kiti, na yeye amefungwa kwangu.

Kaka yangu Okelo alikuja akasema, "Nitamtangulia mimi."

Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, anayetanguliwa na baba mkubwa ni yule aliyefiwa na baba. Unanizika nikikuona?"

Ouma ndiye aliyenipeleka hospitali Kisumu. Daktari alikuwa mama kijana, mpole. Akaniambia, "Mzee, shika sikio lako. Umesikia hicho kitu kigumu kinachopinda? Ni gegedu. Kwenye goti lako kulikuwa na kitu cha jamii hiyo, kimeisha. Mfupa unasaga mfupa."

"Hamna la kuniazima?"

Akacheka. "Liko la kukuza. Damu inayobaki kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa ina seli changa. Tunazilea nje, zikiwa nyingi tunaziweka ndani ya goti, ziote gegedu jipya. Lakini bado ni majaribio. Linaweza kukataa."

Kulea nje kisha kupandikiza! Hicho ni kitalu cha mpunga, nikakielewa haraka kuliko Ouma. Ila jambo moja lilinikaba. Kwetu kondo la nyuma la mtoto, biero, huzikwa nyumbani kwao, na hapo ndipo kwake mpaka afe.

"Daktari, mtoto huyo ni wa nani?"

"Jina hatutoi, Mzee. Mama yake alikubali mwenyewe."

"Na biero yake?"

Hakushangaa. "Alienda nayo nyumbani kuizika. Sisi tulichukua damu tu."

Nikakubali. Wakalifungua goti, wakatoboa vitundu kwenye mfupa, wakapandikiza. Kisha nikarudi kifungoni. Kukanyaga marufuku, magongo makwapani mpaka ngozi ikachubuka, mkojo kwenye chupa. Mazoezi yalinitoa jasho na matusi, Mungu anisamehe. Nilijiona nimebadilishiwa gereza tu. Halafu asubuhi moja nikakanyaga, nikangoja mchanga usage. Haukusaga.

Nikamweleza Okelo yote, kwa furaha. Akakunja uso.

"Mguu huo una kwao," akasema. "Hujui ni wapi. Utamwingizaje Ouma kwenye dala na mguu wa mgeni?"

"Biero ilizikwa kwao, omera. Nilichopewa ni mbegu."

"Mimi nitampeleka, au simo."

Ouma alimsikia. Akaniangalia mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na yule mama aliyejifungua akanikumbuka bila kunijua. Mwanawe na akue. Wewe unayeuguza goti nyumbani, usingoje likupinde kama mimi. Nenda upimwe. Usione haya kuuliza kitu kinachokutisha, hata kama ni cha kimila, uliza. Na usidanganywe kuwa utakuwa kijana tena. Mvua ikija bado linaniuma, na kuchuchumaa nimeacha kabisa.

Tulienda kiwanjani kwa Ouma alfajiri. Mimi mbele, Ouma na shoka, mtoto wake wa kwanza na jogoo, mke wake na moto, kama desturi ya kufungua boma inavyotaka. Nilivuka mifereji taratibu bila gongo. Kiwanjani tulimkuta Okelo amesimama ukingoni, amevaa koti lake la kanisani. Nikafurahi. Nikapokea shoka, nikapiga mti, kisha nikamnyooshea mpini.

"Omera, njoo upige na wewe."

Alitazama goti langu muda mrefu. Usoni hakunitazama. Akavaa kofia, akashika njia ya tuta. Nilimwita kwa jina lake, Ouma naye akamwita. Hakugeuka, wala hajakanyaga kwangu tena mpaka leo.