Nimemdanganya Mwanangu Kuhusu Taa ya Nyoka Wake

Admin, jina langu lifiche, mtaa uuache. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, naishi Ilomba, Mbeya, nina mke na binti mmoja. Nafuga kuku. Wanaonijua wananijua kwa ubishi. Nimebishana na wazee wa kanisa, nimebishana kwenye mikutano ya mtaa, nimeandika barua magazetini nikiwaita wakubwa waongo na sikuwahi kufuta neno. Nasema hivyo mjue ni nani anayeandika haya. Tangu jambo hili litokee sijabishana na mtu. Nakula, nalisha kuku, nalala. Sihisi kitu.

Binti yangu, nimwite Tumaini, anasoma mambo ya wanyamapori chuoni Iringa. Mwezi wa saba alikuja nyumbani na chatu mdogo, urefu wa mkono wangu, anayemtunza kwa kibali cha chuo kwa ajili ya utafiti wake. Ninyi mnaotaka kuandika kwamba nyoka ni shetani, andikeni, mkimaliza mpishe wengine. Hoja hiyo nilishaimaliza na majirani, na sikuja hapa kuombewa.

Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Nyoka hana joto lake mwenyewe, lazima apewe. Tulibishana siku mbili apewe kwa njia gani. Yeye alitaka taa ifungwe juu, nje ya wavu wa kasha analokaa nyoka, na kifaa kidogo cha kuizima joto likizidi. Nikamwambia taa ya mbali vile inapasha dari. Nikamtajia chungu cha mkaa tunachowawekea vifaranga. Akacheka.

"Baba, moshi wa mkaa utamuua, na sisi pamoja naye."

"Basi taa ishushwe ndani, karibu naye. Nimelea vifaranga kabla hujazaliwa."

"Nyoka si kuku, Baba."

"Mwenye baridi ni mwenye baridi."

Alifunga taa anavyotaka mwenyewe, akarudi Iringa kwenye mafunzo ya vitendo ya wiki tatu, akaniachia mnyama wake. Siku ya pili tu nikafungua wavu, nikaishusha taa ndani. Kile kifaa nikakichomoa, maana kilikuwa kinazimazima taa kila saa na mimi nikaona ni kibovu.

Mfugaji wa kuku ataelewa kosa langu haraka. Kwenye bruda, kile chumba cha kulelea vifaranga, huhitaji kipimo, unawasoma vifaranga. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi, ongeza. Wakitawanyika na kukaa mbali limewazidi, punguza. Miaka thelathini kanuni hiyo haijanitupa. Sasa chatu alikuwa amejizungusha kwenye taa, hatoki. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Tumaini, mbona yupo pale pale tangu jana?"

"Ana baridi."

"Au anaungua?"

"Kitu kikiungua kinakimbia, mama."

"Huyo ana miguu?"

Nikacheka. Nikaenda bandani, nikachukua balbu kubwa ya vifaranga, nikabadilisha.

Siku ya nne nikasikia harufu. Magamba ya tumboni yalikuwa yamegeuka rangi, na nilipomtoa, kipande cha ngozi kilibaki kwenye balbu. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamtazama kwa muda. "Mzee wangu, mimi natibu ng'ombe," akasema. Akampigia simu mwenzake, akasafisha, akapaka dawa. Akanieleza kwamba nyoka anaweza kulala kwenye kitu cha moto mpaka aungue na asiondoke. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Jioni Tumaini akapiga, kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshapanga kusema kweli. Nikajisikia nasema, "Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Alijibana kwenye wavu, taa yako ikamuunguza."

"Na kile kifaa hakikuzima?"

"Hakikuzima."

"Basi kosa ni langu, Baba. Wewe ulinikataza taa ile. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye.

Mke wangu alikuwa karibu anamenya njegere. Hakuinua kichwa. Baadaye akasema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Nyoka amepona, amebaki na makovu. Nilidhani yataishia hapo. Lakini nyoka aliporudishwa chuoni Tumaini alimkabidhi kwa mwalimu wake na hataki tena kumshika. Anasema mtu aliyeshindwa kuchagua taa hawezi kukabidhiwa wanyama wa nchi. Jumatatu anapeleka barua ya kuomba kuhamia kozi nyingine, ya mambo ya ofisi. Kazi ya wanyama aliitaka tangu darasa la nne. Nilimwambia asiharakishe. Akanijibu, "Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba mtu akikosea akiri hadharani?"

Najua mtasema mwambie ukweli. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, msinipotezee muda. Lakini huyu ndiye mtu pekee anayewaambia wenzake kwamba baba yake ana mdomo mkali ila hajawahi kusema uongo. Nikimwambia, sijui atabaki na baba gani. Nikinyamaza, Jumatatu inafika. Nakaa bandani nalipima jambo hili, nasubiri nione aibu au nilie, na haviji.

Leo asubuhi amenitumia ile barua kwenye simu niipitie, maana mimi ndiye mwandishi wa familia. Kaandika "kutokana na uzembe wangu mwenyewe." Niliisoma mpaka mwisho. Nikaona amesahau tarehe, nikamwambia aiweke. Akajibu, "Asante Baba. Kuna kingine cha kurekebisha?"

Swali hilo liko kwenye simu yangu tangu saa nne, sijalijibu. Ndugu zangu, nishaurini. Nimjibu nini, na nianze na neno gani?