Alichomwambia Mtu wa Mabomba

Mwalimu alipobisha hodi mara ya kwanza, Bi Vifungo alimchungulia kupitia upenyo wa pazia, akamtazama viatu, akamtazama mkoba, kisha akarudi kuketi na kunyamaza kana kwamba chumba hakina mtu. Mara ya pili alimjibu, ila mlango haukufunguka. Mara ya tatu ndipo alipofungua, na hata hapo alisimama katikati ya mlango, mkono kwenye kitasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu. Nafundisha shule ya hapo ng'ambo ya reli. Tunakusanya kumbukumbu za wazee waliokulia kota hizi, tutoe kijitabu, watoto wajue mtaa wao ulikuwaje."

"Watoto wajue," alisema Bi Vifungo. "Na wakishajua?"

Binti wa watu alirekebisha mkanda wa mkoba wake. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Adabu yake ndiyo iliyomtia Bi Vifungo wasiwasi zaidi. Mtu anayekutukana unajua anachotaka.

Alikuwa anakaribia miaka sabini. Jina la Bi Vifungo alilipata kwenye kiwanda cha mashati, alikoshona vifungo kwa miaka thelathini na mmoja, na lilimganda hata baada ya kustaafu, kwa kuwa hadi leo alikaa dirishani na makopo yake ya vifungo akirekebisha nguo za majirani. Alizaliwa chumba namba kumi na nne, akaolewa chumba namba kumi na tano. Maisha yake yote alihama ukuta mmoja tu. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema anamjua. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakuuliza kwanza una nguo gani kambani. Marehemu mume wake alikuwa akiwatania rafiki zake kwamba wao walioa wake, yeye alioa kasha, na ufunguo hakupewa.

Safari hii alikuwa na sababu. Kiwanda cha nyuzi, kilichojenga kota hizo kwa ajili ya wafanyakazi wake, kilikuwa kimefungwa zamani, na uwanja wake ulikuwa umezungushiwa mabati. Watu wenye kofia ngumu walionekana wakipima. Leo wanauliza kumbukumbu, aliwaza, kesho watauliza hati za nyumba.

Aliyemleta mwalimu ndani hatimaye alikuwa mdogo wake, Fundi Saa, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza saa karibu na soko. Huyu na dada yake walikuwa mbingu na ardhi. Alikuwa tayari kupiga soga na saa yenyewe ikiwa mteja hayupo.

"Dada, huyu anataka hadithi tu," alisema Jumamosi mchana, akiwa tayari ameshaingia na kuvuta kiti. "Mimi nitaongea. Wewe shona."

Bi Vifungo akashona, masikio yakiwa wazi, apate kujua ni nini kinatolewa nje ya nyumba.

Fundi Saa alimwaga habari. Alieleza king'ora cha saa kumi na moja alfajiri kilichowaamsha hata watoto wachanga. Alieleza baba zao walivyorudi jioni na vumbi la pamba kichwani, nywele nyeupe pe, hata watoto wakawa wanawaita babu kwa utani. Alieleza jiko moja la vyumba viwili, na akina mama waliojuana kwa mlio wa vifuniko vya sufuria. Alisema kila mtoto alimtambua baba yake gizani kwa kikohozi, na hapo mwalimu akainua uso, kisha akainama tena kuandika haraka.

Hayo Bi Vifungo aliyaacha yapite. Yalikuwa ya kweli, na hayakuweza kumbomolea mtu nyumba.

"Na mwaka wa mgomo," alisema Fundi Saa, akijiweka sawa kwenye kiti, "tulikuwa na msaliti hapa hapa."

Sindano ya dada yake ikasimama.

Alisimulia kama mtu aliyekuwepo, ingawa wakati ule alikuwa na miaka miwili. Mkanda wa mashine ulikuwa umemkata mfanyakazi mkono. Wenzake wakaanza kukutana kila Jumapili mchana kwenye makaro ya kufulia nyuma ya kota, wakijifanya wanacheza karata, kumbe wanapanga mgomo mpaka mashine ziwekewe vizuizi. Jumatatu moja, kabla mgomo haujaanza, watu sita waliitwa ofisini, wakafukuzwa, na wakapewa siku tatu za kuhama kota. Nani alisema? Kinyozi. Kiti chake kilikuwa pale pale kwenye makaro, chini ya kibanda cha bati, na kila Jumamosi alikwenda kumnyoa meneja nyumbani kwake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimalizia. "Watu wakamsusia. Wengine waliona heri nywele ziote kama kichaka kuliko kukaa kwenye kiti chake. Kioo chake kikavunjwa. Akaondoka na familia yake, hakuna aliyemsindikiza."

Kalamu ya mwalimu ilikuwa imesimama. Bi Vifungo aliliona hilo vizuri. Binti aliiangalia karatasi, akaisugua kwa kidole. Kisha akauliza, polepole, "Huyo kinyozi alikuwa na watoto?"

Kuanzia hapo Bi Vifungo hakuwa na raha. Wiki nzima alifanya upelelezi akiwa kwenye kiti chake. Paji la uso la binti lilikuwa pana. La kinyozi je? Alijaribu kukumbuka, akakumbuka mikono tu, na harufu ya sabuni. Binti alikaa ng'ambo ya reli, na mkokoteni wa kinyozi ulielekea upande huo huo siku ile. Alimfuata mdogo wake kibandani.

"Ukoo wake unaujua?"

"Nimuulize ukoo, kwani namposa?" alijibu Fundi Saa bila kuondoa lenzi jichoni.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alipoingia, Fundi Saa akiwa nyuma yake, hakuachwa hata akae.

"Ungesema tangu siku ya kwanza," alisema Bi Vifungo. Sauti yake ilitetemeka, na jambo hilo lilimkasirisha. "Wewe ni mjukuu wa kinyozi. Umekuja kutafuta nani alimfanyia nini. Basi usimsikilize huyu, huyu alikuwa anatambaa. Babu yako hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema."

Fundi Saa alicheka kidogo, kisha akaona uso wa dada yake, akaacha.

Likishatoka neno la kwanza, mengine hayazuiliki. Alikuwa na miaka minane, alisema. Alikuwa anatoka kuchota maji kwenye bomba la kota, ndoo kichwani, akatokea mwanamume mwenye fulana safi na mkoba wa bisibisi, akasema amekuja kukagua mabomba. Alikuwa mtu mpole. Alimsaidia kutua ndoo. Alimuuliza anasoma darasa la ngapi, akamsifia, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kumsifia mbele ya ndoo ya maji. Akamuuliza wazee wanaocheza karata kule kwenye makaro ni akina nani, maana huenda akapata mchezo naye. Mtoto akawataja. Fundi mota, anakaa pale mwanzo, mgongo kwenye ukuta. Mzee wa bohari. Yule mrefu wa chumba namba tatu. Alitaja sita, kwa vidole, akijisikia mkubwa.

"Na baba yako?" aliuliza mtu wa mabomba.

Baba yake alikuwepo pale kila Jumapili. Lakini alikuwa amemwagiza kwamba akiulizwa alipo, aseme amelala. Kwa hiyo mtoto mtiifu akasema, "Baba yangu hulala Jumapili."

Siku ya Jumatatu aliona baadhi ya wale sita wakianza kutoa vitanda nje. Akamwendea baba yake, akamwambia yote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Alimshika mabega, akamwambia, "Hukusema kitu. Hujamwona mtu. Hata mama yako asijue."

Jioni ile ile wanaume walikusanyika mlangoni kwao, wakitazamana. Kati ya wale wa karata, ambao hawakufukuzwa walikuwa watatu tu, na baba alikuwa mmojawapo, na macho yalikuwa yameanza kuhesabu. Ndipo alipomsikia baba yake akisema, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, "Jamani, hivi nani anaingia nyumbani kwa meneja kila Jumamosi?"

Alipofika hapo, Bi Vifungo aliishika tena sindano. Nje mtu alikuwa akikung'uta mkeka, na mlio wake ulisikika wote.

"Bibi," alisema mwalimu, "mimi simjui huyo kinyozi. Kwetu ni mbali, nimehamia hapa mwaka juzi."

"Kalamu yako ilisimama."

"Iliisha wino. Niliona aibu kukatiza hadithi kuomba nyingine. Na nilivyouliza kama alikuwa na watoto, nilitaka niwatafute, nao waseme ya kwao."

Bi Vifungo akaitazama kalamu. Miaka sitini alikuwa ameshika ulimi mbele ya mume, mbele ya majirani, mbele ya mama yake mzazi alipokuwa anakata roho, na sasa alikuwa ameumwaga mtama wote kwa sababu ya kalamu ya mwalimu wa shule. Angekuwa mtu wa kucheka, angecheka.

Fundi Saa ndiye aliyesema, na hakumtazama mtu. "Baba alijua kwamba si kinyozi."

"Alijua."

"Na kila Jumapili akawa ananisimulia mimi usaliti wa kinyozi. Ananipakata na kunisimulia."

"Nilikuwa nasikia."

Akachukua kofia yake, akatoka. Hakuubamiza mlango, aliurudisha taratibu, kama anavyofunga mfuniko wa saa ya mteja.

Mwalimu alifunga daftari. "Haya nisipoyaandika, bibi, hakuna atakayejua. Mimi nitanyamaza."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Mbona unanionea huruma?" aliuliza Bi Vifungo. "Unataka nini hasa? Na yule wa mabomba naye alinisaidia kutua ndoo."

Mwalimu akaliweka daftari mezani, mbele yake.  Bi Vifungo akavuta kiti chake karibu.

"Fungua. Andika nitakavyosema, kisha unisomee neno kwa neno. Ukiongeza hata mkato nitaujua."

Walichukua Jumamosi mbili. Alimfutisha mwalimu maneno matatu. Sehemu ya baba ilimkwamisha. Aliisema, akasema ifutwe, akashona vifungo vinne vya shati la jirani, akasema irudishwe.

Kijitabu kilisomwa kwenye ukumbi wa shule mwezi uliofuata. Watu wa kota walijaa. Walicheka kusikia habari za king'ora na za akina babu wenye nywele za pamba, na wengine walifuta machozi kwa vikohozi vya marehemu wao. Ukurasa wa Bi Vifungo ulipofika, kicheko kilikoma. Alikaa safu ya mbele akiwa wima, akihisi safu zote za nyuma zimegeuka kuwa macho.

Mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa binti wa fundi mota, naye mzee sasa, anayetembelea fimbo. Familia yao ilikuwa moja ya zile sita zilizohamishwa, naye alikuwa amekuja kutoka mtaa wa pili.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Na baba yako?"

"Arobaini."

Mwanamke yule akatikisa kichwa mara mbili, akakaa. 

Mzee mwingine, dereva mstaafu wa malori, alisema alimwona kinyozi miaka mingi baadaye katika mji mwingine, ameweka kiti chake karibu na stendi. Alikaa akanyolewa. "Nilidhani amekuwa kiziwi," alisema. "Kinyozi asiyesema na mteja, nani amewahi kumwona? Ukimwanzishia habari anakuonyesha kioo tu, uone kama umependeza." Mwalimu aliandika jina la mji huo, akatuma barua mbili. Majibu hayakuja.

Majirani waligawanyika. Wapo waliozidi kumletea nguo, na wapo waliozichukua kabla hazijamalizika. Bi Vifungo hakuamini kundi lolote kati ya hayo. Walioleta shati lenye kifungo kimoja kimelegea, aliwauliza kama walikuja kwa kifungo au kwa kumwangalia.

Mdogo wake hakukanyaga kwake kwa wiki sita. Alipokuja, ilikuwa asubuhi, mvua ikinyunya. Alifuta miguu, akakaa kwenye kiti kile kile, akazungusha kofia mikononi. Alikuwa amekonda. Hakutania.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Ile habari kwamba babu alikufa kwa homa."

"Ndiyo."

"Ni homa kweli?"

"Ni homa."

"Na kovu langu hili la mguuni? Mlisema nilianguka ngazini."

"Ulianguka ngazini. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo," alisema Fundi Saa, akimtazama usoni kama anavyotazama saa iliyoletwa na mtu asiyemjua. "Kota hii haina ngazi, dada."

"Haina sasa. Ilikuwepo upande wa makaro, ngazi tatu za saruji. Ziliondolewa ulipokuwa na miaka minne. Muulize yeyote."

"Nitauliza," alisema.

Bi Vifungo akasogeza kopo la vifungo, akamwekea chai pale mezani. Ndugu yake aliiangalia, asiinywe bado, akauliza swali lingine.