Amana Niliyoikataa

Mama mmoja wa Unguja alikuwa hanunui kitambaa mpaka akichome. Alitembea na kiberiti cha gesi mkobani, na kila alipoingia duka la vitambaa karibu na Kangle, mtaa wa cherehani kule Guangzhou, alichomoa uzi mmoja, akauwasha mbele ya mwenye duka, akautazama. Pamba huungua ikaacha jivu laini lenye harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka, ikaganda kijidonge kigumu. Wenye maduka walimchukia, na wengine walimpunguzia bei ili aondoke haraka. "Laoban," aliwaambia, yaani bosi kwa Kichina, na yaliyobaki akayamalizia kwa Kiswahili bila wasiwasi wowote, "mdomo wako mtamu, lakini mie nausikiliza uzi."

Mimi nilikuwa mshauri wake wa fedha. Nilikuja Guangzhou kusoma uchumi kwa ufadhili, nikamaliza, na nyumbani sikurudi. Aliyeniita ajenti nilimsahihisha papo hapo, hata akiwa mteja. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja juu ya mgahawa pale barabara ya Huanshi Zhonglu, na aliyekuja kwangu alitoka ananukia pilau. Miaka ile biashara ilikuwa inachemka: mtu anakuja na begi moja, anaondoka na kontena. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia faida waiweke wapi, na kuwakataza kununua viwanja kwa maneno ya binamu kwenye simu. Nilikuwa kijana, niliijua kazi yangu, na nilijua kwamba naijua.

Ijumaa moja baada ya sala akaja, akaketi, akaufunga mlango kwa mguu.

"Mwanangu, nina binti. Ana miaka kumi na minne, na kiatu hajui kukivaa. Daktari kanambia hatajua. Mie nikifa, nani atamvisha?"

Miaka yote hiyo nilikuwa simjui huyo binti. Mama alikuwa amemwekea fedha, kidogo kidogo, tangu safari yake ya kwanza China. Hakutaka kuziacha kwa ndugu zake. "Nawapenda," alisema, "lakini wana matumbo." Alitaka nizishike mimi, na siku akiondoka duniani nimpelekee mlezi wa mtoto kila mwezi. "Weye ndiye mwanangu. Sina mwengine ninayemwamini hivi."

Nikakataa.

Kwetu mtu akikuletea amana amekuheshimu kuliko kukusifu mbele ya watu, na kuikataa ni kumtukana. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa na msimamo: anayekushauri fedha uziweke wapi asiwe yeye anayezishika. Nikikosea, nani ataniona? Nikigongwa na gari barabarani kesho, mtoto atamwendea nani? Nilikuwa nimeanza kufanya kazi na kampuni ndogo ya udhamini iliyokuwa Hong Kong. Hawakuwa benki, hawakuuza chochote, ushauri hawakutoa. Walishika mali ya mtu na kuitoa vile tu hati inavyosema. Nikamweleza: mimi nitabaki mshauri wake, wao ndio watakaoshika. "Mama, mimi mpishi. Ufunguo wa stoo akae nao mwingine."

"Kumbe hunitaki," akasema. Akaondoka, chai hakuigusa.

Wiki nzima nilisemwa Dengfeng, mtaa wetu Waafrika, kwamba nimeota mapembe. Jamaa mmoja aliyebadilisha fedha pale alinambia usoni, "Bro, umemtupa mama yetu." Iliniuma, sikatai. Lakini sikubadili neno. Nilimpigia mama simu kila asubuhi mpaka akachoka kutopokea, akakubali kuwasikiliza watu wa Hong Kong.

Afisa wa ile kampuni alikuja kwa treni. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya chini, anakunywa maji ya moto matupu. Mimi nikawa mkalimani.

"Muulize ana ndugu Unguja," mama akasema.

Hana.

"Keshafika?"

Hajafika.

"Anamjua mtu wangu hata mmoja?"

Hamjui.

Mama akanigeukia. "Huyu hanijui kabisa, mwanangu."

"Ndio uzuri wake, mama."

Hati ikaandikwa. Fedha ni za matunzo ya binti na si za kitu kingine. Atalipwa mlezi, atalipwa daktari, basi. Hata mama mwenyewe hawezi kuzitoa. Kifungu hicho nilimweleza mara tatu, na mara ya tatu akanambia nisimfanye mtoto. Akatia saini.

Mwaka uliofuata alirudi, akapanda ngazi zangu anahema. Kuna karakana Kangle inafungwa, akasema, majora ya pamba safi yanauzwa nusu bei, na mwisho ni kesho. Hana mtaji wa kutosha. Fedha za mtoto zitoke kwa miezi mitatu tu, atazirudisha na faida juu.

"Mama, hati yenyewe..."

"Naijua hati. Nakuomba wewe." Akaanza kulia. "Nikiikosa hii, mwanangu, nimekwisha."

Nilikuwa nimemwona akigombana na wenye maduka, na watu wa meli, na mwenye nyumba. Kulia sikuwahi kumwona. Moyo wangu ukawa maji. Nikakaa nikaandika barua, nikamwaga ndani yake elimu yangu yote: kwamba faida itamfaa binti, kwamba hatari ni ndogo, kwamba mama mzazi ndiye anayejua mahitaji ya mwanawe. Nikaituma kwa faksi, kisha nikapiga simu. Afisa akaniacha nimalize.

"Hati inasema ni za mtoto," akasema. "Mama yake si mtoto."

Nikapandisha sauti. Nikamkumbusha ni nani aliyemletea mteja huyu, na kwamba wengine naweza kuwapeleka kwingine.

"Unaweza," akajibu kwa upole. "Jibu langu ni hilo hilo."

Nikakata simu kwa hasira. Sikuwa na nguvu ya maneno mengi, nikamwambia mama neno ambalo sote tulilisikia sokoni kutwa mara hamsini: "Meiyou." Hakuna.

Mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akacheka, akafungua mkoba, akatoa kile kiberiti na kukiweka juu ya meza yangu.

"Hakuna karakana inayofungwa," akasema. "Nimetia saini karatasi nisiyoweza kuisoma, kwa mtu asiyenijua. Unadhani ningekaa mwaka mzima bila kuchoma uzi?" Akatikisa kichwa kwa furaha. "Yule mwanamke pamba. Pamba safi."

Nikacheka na mimi, kwa sababu nusu ya sifa ile niliiona yangu. "Si nilikwambia, mama? Nani aliyekuchagulia?"

"Wewe. Umechagua vizuri, na utaendelea kunishauri." Akanitazama kwa mapenzi yale yale ya siku aliyoniletea amana. "Lakini nilikuwa nachoma nyuzi mbili, mwanangu. Na wewe umeyeyuka."

Nilifungua kinywa nijitetee. Barua ilikuwa bado juu ya meza, kwa mwandiko wangu, na kila sentensi yake ilikuwa nzuri. Siku zote nilidhani nilikataa kwa sababu ya kanuni za kazi, na kwamba mimi mwenyewe ningeweza kuaminiwa na chochote. Tangu siku ile kila mteja ninayempeleka kwa wadhamini namweleza sababu, na simfichi kitu. Fedha za yule binti zingekuwa mkononi mwangu, ningezitoa siku ile ile, na usiku ningelala usingizi mzuri nikijiona mtu mwema.